Tonge Likikwama, Usishushie kwa Maji

Tuchukue mfano wa mkulima wa Qurus, kaskazini mwa Tanzania, mwanamume wa miaka 52. Baridi ya nyanda za juu za Ngorongoro imemzoesha kuianza siku kwa chai ya maziwa inayotoka jikoni ikifuka moshi, naye haisubiri ipoe. Siku moja nyama ikamkwama kifuani, akashushia maji. Wiki iliyofuata ikakwama tena. Mkewe akamwambia, "Baba, twende hospitali." Akajibu ni vidonda vya tumbo tu, akanunua dawa dukani. Makande yakamshinda, ugali nao ukafuata, akabaki na uji. Alipokubali kipimo cha kamera, mkanda wake ulikuwa umeongezwa matundu mawili, na saratani ya umio ilikwisha kuvuka ukuta wa mrija huo wa chakula.

Mkulima huyu ni wa kubuni, ila kuchelewa kwake ni kwa kweli. Wagonjwa wengi wa saratani hii katika Afrika Mashariki hufika hospitali wakati wa kuwaponya umepita.

Sababu moja ni maumbile. Umio ni mrija wa misuli unaotanuka, hivyo uvimbe hupata nafasi ya kukua kimya kimya kabla chakula hakijazuiwa. Tena hauna utando wa nje kama ule unaofunika tumbo na utumbo. Saratani ikishatoboa misuli, njia ya hewa iko jirani kabisa. Kwa hiyo tonge linapokwama, ugonjwa si mchanga tena.

Na chanzo cha ugonjwa je? Chai ya moto inashukiwa, nayo imepimwa. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Kilimanjaro ambapo watu 188 walipimiwa joto la chai walipoanza kunywa: wastani ulikuwa nyuzi 70.6 za Selsiasi. Wa chai ya maziwa walikunywa ya moto zaidi kuliko wa chai ya rangi, hasa kwa kuwa ya maziwa huchelewa kupoa. Mwaka uliofuata, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) likaviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Inadhaniwa kuwa ngozi ya ndani ikiungua kila siku, seli hulazimika kujigawa bila kupumzika, na makosa huongezeka.

Lakini tusiitwike chai mzigo wote. Tumbaku na pombe zimo. Na mwaka 2021 wanasayansi waliochunguza vinasaba vya uvimbe 552 kutoka nchi 8, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwemo, hawakukuta alama moja ya kueleza kwa nini maeneo fulani yanaumia zaidi. Kazi ya kusaka sababu bado inaendelea, na inastahili fedha na wagonjwa wanaokubali kutoa kinyama kipimwe.

Ndugu msomaji, mimina chai, iache kwanza ipoe. Na wewe au mzee wako mkikwamwa na chakula zaidi ya mara moja, msinunue dawa ya vidonda dukani. Nendeni hospitali wiki hiyohiyo, mkaombe kipimo cha kamera.