Je, Umbo la Simu Lina Mwenyewe?



Simu nyingi tunazoshika hapa chuoni, za bei ghali na za bei nafuu, zina sura moja: bapa, uso wa kioo, pembe za mviringo, vijipicha vya programu vimepangwa safu safu. Je, sura hiyo yaweza kuwa mali ya kampuni moja?

Aprili 2011 kampuni ya Apple iliishtaki Samsung huko California, Marekani. Agosti 2012 jopo la raia tisa liliamua kwamba Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni 1. Baadhi ya madai yalihusu namna simu inavyofanya kazi, lakini ubishi uliofika mpaka Mahakama ya Juu ulihusu sura tu, yaani hataza za muundo.

Uadilifu unatutaka tumsikilize kwanza mdai. Aliyechora, akafuta, akachora tena mpaka akapata umbo linalopendeza, ametoa jasho. Tena mahakamani ilioneshwa ripoti ya ndani ya Samsung ya mwaka 2010, yenye kurasa 132, iliyolinganisha simu yake na iPhone jambo kwa jambo. Huko si kufanana kwa bahati.

Na fiqhi haimwachi mtu huyu bila ulinzi. Wanazuoni wa zamani walitofautiana: Mahanafi walitaka mali iwe kitu kinachoshikika na kuhifadhika, na wengi wengine wakahesabu manufaa pia kuwa mali. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Kuwait mwaka 1988 lilipitisha kwamba jina la biashara, haki ya mtunzi na haki ya mvumbuzi ni haki zenye thamani, na si halali kuzivamia. Basi anayesema wazo halina mwenyewe, tuchukue tu, asidhani amemaliza mjadala.

Lakini kuwa na haki ni jambo moja, na mpaka wa haki hiyo ni jambo jingine. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud na ya Tirmidhi kwamba Abyad bin Hammal (r.a.) alimwomba Mtume (s.a.w.) chumvi ya Maarib, Yemen, naye akampa. Mtu mmoja akamweleza Mtume kwamba alichompa ni kama maji yasiyokauka. Mtume akairudisha. Wanazuoni wakapata hapo kanuni: kitu kilicho wazi, ambacho watu wote wanakihitaji na hakikutokana na kazi ya mtu, hakifungiwi mmoja. Kadhalika ardhi mfu humilikiwa na aliyeihuisha. Aliyeizungushia mawe tu hajaimiliki bado.

Sasa tupime. Pembe za mviringo zinatokana na kiganja na mfuko wa nguo. Kioo cha kugusa hakikuvumbuliwa na Apple. Vitu hivi kimoja kimoja ni chumvi ya Maarib. Apple itajibu kwamba haikudai pembe peke yake, bali sura nzima. Nakubali: sura nzima ikiigwa mpaka mnunuzi adhani ananunua simu ya mwingine, hapo pana ghishi, na Mtume (s.a.w.) alimkemea muuza chakula aliyeficha kilicholowa chini ya kikavu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo haki ya umbo inapoishia.

Linabaki suala la fidia. Sheria ya Marekani humpa mwenye hataza ya muundo faida yote ya bidhaa. Chanzo chake ni mazulia: mwaka 1885 Mahakama ya Juu iliwapa watengeneza mazulia walioibiwa nakshi senti 6 tu, na mwaka 1887 Bunge likabadilisha sheria. Kwa zulia inaeleweka, kwa kuwa mnunuzi hufuata nakshi. Lakini nani hununua simu kwa sababu ya pembe zake, akasahau betri, kamera na mtandao? Desemba 2016 majaji wote wanane walikubaliana kwamba bidhaa inayohesabiwa yaweza kuwa sehemu tu ya simu. Mei 2018 jopo jingine likasema dola milioni 539, na Juni kampuni hizo zikapatana. Surat al-Mutaffifin inamwonya anayetaka ajaziwe kipimo anapopokea na kukipunguza anapotoa. Kumnyima mbunifu jasho lake ni kupunja. Kudai simu nzima kwa ajili ya umbo lake nako ni kupunja.

Jambo hili linatuhusu. Umbo hili lingefungiwa mmoja, mwanafunzi wa Kampala mwenye fedha kidogo angekosa simu anayosomea Qur'ani na kutuma kazi zake za darasani. Lakini hoja hiyo haimtetei anayeuza simu bandia yenye nembo ya wengine, wala sisi tunaoinunua huku tukijua. Chumvi ni ya wote. Jina la mtu ni lake.

Wallahu a'lam.