Asiondoke Mikono Mitupu

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunavikumbuka viwanda vya Arusha: Kiltex ya nguo na General Tyre ya matairi. Tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, mitumba na bidhaa mpya kutoka nje zilijaa sokoni. Viwanda hivyo vilikuwa pia na udhaifu wake, wa mitaji na wa uendeshaji. Mwishowe vilisimama, na wafanyakazi wakarudi nyumbani.

Je, serikali ikiwasaidia watu wa namna hii, inatoa sadaka au inatenda haki? Wapo wanaosema kila mtu ajitegemee. Lakini tujiulize ni nani aliyefaidika. Ni sisi tulionunua shati na tairi kwa bei nafuu. Faida tuligawana wengi. Hasara wakaibeba wachache.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, mwisho miaka 10. Hizo ni siku 70, hata kwa aliyetumika miaka 25.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, inaagiza mtumwa anayeachwa huru apewe mifugo, nafaka na divai, kwa kadiri bwana wake alivyobarikiwa. Kipimo ni baraka ya anayebaki, wala si unyonge wa anayeondoka. Basi kodi yetu inapomsomesha fundi huyo kazi mpya, tusijisifu kwamba tumetoa sadaka. Tumelipa deni.