Chaza Mezani, Jirani Chomboni

Swali letu ni hili: mtu asafiriye baharini katika merikebu ya matembezi, akiletewa chaza wabichi mezani, je, ni halali awale?

Labda wengi wenu mtacheka mkisema: «Sisi tu watu wa mihogo na samaki wa ziwani. Bahari hatujaiona. Chaza watuhusu nini?» Msicheke upesi. Mara nyingi jambo la mbali hutufundisha lililo karibu, kwa sababu katika jambo la mbali hatuna haja ya kujitetea. Akili ikiisha kuhukumu vema kule, itaona haya kuhukumu vibaya huku.

I. Chaza ni nini?

Chaza ni mnyama mdogo wa baharini akaaye ndani ya maganda mawili magumu. Hana kichwa wala miguu. Akiisha kushikamana na jiwe tangu udogoni, hatoki hapo maisha yake yote. Hakiendei chakula chake, bali huyangoja maji yampitie. Huyavuta ndani, huyachuja, hushika vitu vidogo sana vielevyo humo, kisha huyaacha yaende zake. Chaza mkubwa akaaye mahali pazuri aweza kuchuja hata lita 190 za maji kwa siku moja, yaani karibu bidoni 10 za lita 20. Kwa hiyo maji yakiwa safi, chaza naye ni safi. Lakini maji yakiingiliwa na uchafu wa vyoo vya watu, uchafu huo hukusanyika ndani yake, wala kumwosha kwa nje hakuuondoi.

Wampendao mbichi hufungua maganda kwa kisu kifupi, humkamulia ndimu, kisha humla papo hapo. Kwa kawaida angali hai mpaka dakika ile afunguliwapo, maana chaza akifa mapema huoza na kudhuru.

Zamani, katika karne ya 19, chaza walikuwa chakula cha maskini wa mji wa London. Baadaye walipopungua, bei ilipanda, wakawa chakula cha wenye mali. Tarehe 14 Aprili 1912, saa chache kabla merikebu Titanic haijagonga mwamba wa barafu, chakula cha jioni cha daraja la kwanza kilianza na chaza. Abiria wa daraja la tatu, siku ile ile, walikuwa wamepewa supu ya mchele na nyama ya ng'ombe. Hata leo chaza wabichi ni alama ya karamu katika merikebu za matembezi. Nazo merikebu hizo zimekuwa kubwa kama miji: moja iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake mwaka 2024, yaweza kubeba abiria 7,600 na wafanyakazi zaidi ya 2,300.

II. Je, chakula hiki ni kibaya chenyewe?

Wako waulizao kwanza: mnyama huyu si najisi? Katika Sheria ya Musa, kitabu cha Walawi, Waisraeli walikatazwa viumbe vya majini visivyo na mapezi wala magamba. Chaza hana hayo wala hayo, na Wayahudi washikao sheria hiyo hawamli hata leo. Lakini Wakristo tangu mwanzo walifundishwa kwamba mtu hatiwi unajisi na kile kiingiacho kinywani. Basi, mkatekumeni akiulizwa kama chaza ni mwiko kwake, ajibu bila woga: hapana.

Wengine huuliza: si ukatili kumla kiumbe angali hai? Swali hili ni la haki, tusilidharau. Chaza hana ubongo kama ng'ombe au mbuzi. Ana mafundo machache tu ya mishipa ya fahamu. Mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, alipoandika juu ya wanyama mwaka 1975, aliweka mpaka kati ya uduvi na chaza: wa upande mmoja waachwe, wa upande wa pili waweza kuliwa. Katika toleo la mwaka 1990 aliingiwa na shaka, akaona afadhali kuwaacha chaza pia. Ikiwa mtu aliyelifikiri jambo hili miaka mingi ameweza kubadili shauri lake, sisi nasi tusihukumu kwa haraka. Yatutosha kusema hivi: kumla kiumbe wa namna hii si dhambi, lakini alaye asiufanyie mzaha uhai aulao, wala asiuharibu bure. Anayeagiza chaza 24 ili aonekane, akala 6 na kuwaacha wengine wakatupwe, huyo amekosa adabu mbele ya chakula.

III. Je, ni halali kuhatarisha mwili kwa ajili ya ladha?

Hapa jambo linakuwa zito zaidi. Katika majira ya baridi ya 1924 na 1925, chaza walioguswa na maji machafu walileta homa ya matumbo katika miji ya Marekani, hasa New York, Chicago na Washington. Watu karibu 1,500 waliugua, na karibu 150 walikufa. Tangu hapo serikali ilianza kuyachunguza maji wavuliwamo. Hata leo, katika nchi ile, kila gunia la chaza lazima liwe na kibandiko kinachotaja mahali na siku walipovuliwa, na mwenye hoteli hukitunza siku 90, ili ugonjwa ukizuka chanzo chake kijulikane.

Lakini kuna hatari isiyotoka vyooni. Katika maji ya chumvi yenye joto huishi kijidudu kiitwacho Vibrio vulnificus. Ni ndugu wa kile kijidudu cha kipindupindu, ugonjwa ambao watu wa Kalemie na wa Goma hawahitaji kuelezwa. Mtu mwenye afya huenda asidhurike sana. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa ini, kikimpata, aweza kufa kwa siku moja au mbili. Kati ya watu 5 wauguao kwa kijidudu hicho, karibu 1 hufa. Na chaza mwenye kijidudu haonekani tofauti, hanuki tofauti, wala ladha yake si tofauti. Ndimu haikiui, pilipili haikiui, pombe haikiui. Moto ndio ukiuao.

Basi tupime. Wenye busara wakitaka kujua kama yafaa kujihatarisha, hutazama mambo matatu: madhara yenyewe ni makubwa kiasi gani, yawezekana kiasi gani, na sababu ya kujihatarisha ni nini. Mvuvi aingiaye ziwani upepo ukivuma ili watoto wasilale na njaa, ana sababu kubwa. Yule aingiaye ili marafiki wamsifu, hana. Ladha ni sababu ndogo. Lakini sababu ndogo yaweza kutosha kwa hatari ndogo. Mtu mzima wa afya, alaye chaza waliotoka katika maji yaliyochunguzwa, hakosi. Mwenye ini bovu, aliyekwisha kuonywa na daktari, akila ili asionekane mnyonge mbele ya wenzake, amekosa. Kwa maana mwili wake una wadai wengine: mke wake, watoto wake, wazee wamtegemeao. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Nasi tusimsahau yule mwenye kuuza. Mlaji hawezi kuchagua vema asipojua. Mwenye merikebu ajuaye hatari, akanyamaza ili karamu isiharibike, amemwibia mgeni wake haki ya kuchagua, ingawa hakumlazimisha kufungua kinywa.

IV. Jirani aliye chomboni

Mpaka hapa tumesema juu ya mtu na mwili wake. Sasa tumtazame akiwa merikebuni.

Kuna kirusi kiitwacho norovirusi, kilichopata jina lake kutoka mji wa Norwalk nchini Marekani, ambako wanafunzi wa shule moja waliugua mwaka 1968. Chaza wachujao maji machafu hukikusanya ndani yao. Kikimwingia mtu, baada ya saa 12 hadi 48 huanza kutapika na kuhara, na kwa kawaida hupona baada ya siku moja hadi tatu. Lakini huweza kuwaambukiza wengine kwa mkono, kwa kijiko, kwa kitasa cha mlango. Na chembe chache mno, chini ya 100, zatosha kumwangusha mwingine. Dawa ya mikono yenye pombe haikiwezi vizuri. Maji na sabuni ndiyo yafaayo. Mgonjwa apaswa kujitenga hata siku 2 baada ya kupona.

Katika nchi kavu, mgonjwa hulala nyumbani kwake. Merikebuni watu hula katika chumba kimoja, hujipakulia kwa vijiko vile vile, hushika ngazi zile zile, wala hakuna awezaye kutoka. Ndiyo sababu Marekani, tangu mwaka 1975, ina mpango maalumu wa kukagua usafi wa merikebu hizo. Na katika safari za siku 3 hadi 21, wagonjwa wa tumbo wakifikia 3 kati ya kila abiria 100, au kati ya kila wafanyakazi 100, habari yao hutangazwa.

Tufanye mfano. Mtu amelipa nauli kubwa, akala chaza 12 kwa furaha. Usiku wa pili anatapika. Anajua kwamba akimwambia daktari wa merikebu, atafungiwa chumbani. Na kesho merikebu itatia nanga penye kisiwa alichotamani kukiona miaka mingi. Basi ananyamaza. Asubuhi anashika kijiko cha uji, anakirudisha. Kijana asafishaye chumba chake, aliyeacha wazazi mbali na kuwatumia mshahara kila mwezi, anafuta sakafu bila kujua anafuta nini. Baada ya siku mbili, kijana anaugua; na mzee mmoja dhaifu wa chumba cha jirani anachukuliwa hospitali.

Niambieni: kosa lilikuwa wapi? Katika chaza? Hapana. Alipokula hakujua, tena alikula kitu cha halali. Kosa lilianza aliponyamaza. Alikuwa na hiari ya kula, lakini hakuwa na hiari ya kuwalisha wengine ugonjwa wake. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa yaweza kutokea jambo la kusikitisha zaidi: mficha maradhi akapona, na kifo kikamchukua asiyeficha kitu.

V. Mapingamizi

Mtu atasema: «Nimelipa, nina haki.» Ni kweli, amelipia kitanda, chakula na safari. Hakulipia afya ya yule kijana, kwa maana haiuzwi.

Mwingine atasema: «Magonjwa mengi ya merikebuni huletwa na watu, si na chaza.» Ni kweli pia. Mara nyingi mtu mmoja hupanda akiwa na ugonjwa, naye huwaambukiza wengi. Lakini neno hili halimpunguzii mzigo msafiri wetu; lamwongezea, kwa maana laonyesha kwamba hatari kubwa ni mgonjwa anyamazaye, hata asipokula chaza hata mmoja.

Wa tatu atasema: «Basi afadhali tusile kitu, kwa kuwa kila chakula chaweza kudhuru.» Huyu amezidisha. Hatukuambiwa tuogope kila tonge. Twaambiwa tujue tulacho, tujue hali ya mwili wetu, na tuwe tayari kulipa wenyewe gharama ya tulichochagua. Ajuaye kwamba akiugua atasema kweli na kukaa chumbani, hata kisiwa kikimpita, huyo na ale kwa amani. Ajuaye moyoni mwake kwamba ataficha, asile.

Mtakatifu Paulo alipowaandikia Wakorinto juu ya nyama zilizotolewa kwa sanamu, aliwafundisha vivyo hivyo: haitoshi kuuliza kama chakula ni halali, yatupasa kuuliza pia kama kula kwetu kutamwangusha ndugu.

VI. Haya yatuhusu nini sisi?

Sisi nasi tuna vyombo vyetu. Mashua ivukayo ziwa Tanganyika ni chombo. Majahazi ya mto Kongo, ambamo watu hukaa siku nyingi wakipika na kulala pamoja, ni chombo. Kisima cha kijiji ni chombo pia, kwa kuwa wote wanywao hapo wamepanda safari moja. Mwaka 1994 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Goma kwa muda mfupi, hasa kwa maji machafu. Hakuna aliyekula karamu pale. Lakini sheria ni ile ile: aharaye asijifiche, asioge wala kufua penye maji ya kunywa, anawe kwa sabuni, aende upesi kwa mganga wa zahanati. Wala wenzake wasimcheke, maana kicheko ndicho kiwafanyacho wengi wanyamaze.

Kabla ya kula, tuulize: chakula hiki chatoka wapi, na mimi ni mtu wa hali gani? Baada ya kula, tukiugua, tuulize: ni nani aliye pamoja nami chomboni?

Maswali ya kujibu pamoja

1. Kwa nini chaza wa maji machafu ni hatari, hata akioshwa kwa nje?
2. Mvuvi na mla chaza wote hujihatarisha. Sababu zao zatofautiana namna gani?
3. Msafiri wa mfano wetu alianza kukosa saa gani?
4. Katika kijiji chenu, ni haya gani iwafanyayo wagonjwa kunyamaza, nanyi mwaweza kuiondoaje?