Mimba, Mama na Sharia

Ndugu zetu hapa mjini hutuuliza: je, Muislamu aweza kuitoa mimba ikiwa mama yumo khatarini? Mimi suala hili liliniangukia Macalder, huko Nyatike katika Migori, mji wa machimbo ya dhahabu ambako Waislamu ni wachache, nami nilikuwa mgeni. Usiku mtu alipiga hodi. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitano, damu ikimtoka, na daktari amesema mimba isipotolewa mama atakufa. "Sheikh, ni halali?" Nikamwambia angoje hadi asubuhi nitazame vitabu.

Nilisita kwa sababu. Hadithi ya Ibn Masud yatufundisha kuwa roho hupulizwa baada ya siku 120, na baada ya hapo ulamaa wote wameharimisha kuitoa mimba. Kabla yake wamekhitalifiana: Wamaliki wamekaza sana, baadhi ya Mahanafi wakaruhusu kwa udhuru, na katika madhehebu yetu ya Shafi yamo maneno mengi. Imamu Ghazali aliiona ni jinai tangu mwanzo, nayo huzidi ubaya kadiri mimba ikuavyo. Mimi namfuata yeye. Kuogopa ufukara si udhuru, kwani Qur'ani imekataza waziwazi kuwaua watoto kwa khofu hiyo; wala kuogopa aibu.

Ama mama akiwa khatarini, Ibn Abidin wa Damascus, aliyekufa mwaka 1836, alikataa hata hapo: kifo cha mama ni dhana tu, na mtu hauawi kwa dhana. Kwa zama zake alisema kweli, kwani nani aliyeweza kujua? Lakini leo daktari hupima damu na kuona ndani ya tumbo. Hoja imeondoka, basi na hukumu iliyojengwa juu yake haisimami. Sheikh Mahmud Shaltut wa Azhar alifutu kwamba mama ndiye shina, na shina halikatwi ili kulinda tawi.

Wako wasemao kuwa rukhsa hii ni ya Wazungu. Ajabu! Sheria iliyoletwa na Waingereza ilikuwa kali: hadi leo kifungu cha 158 cha Kanuni ya Adhabu chamtia mtoaji mimba kifungo cha hadi miaka 14, na cha 159 chamtia mama mwenyewe hadi miaka 7. Kifungu cha 240 tu ndicho kilichomwachia tabibu nafasi ya kupasua ili kuokoa uhai wa mama. Katiba ya 2010, kifungu cha 26, imesema uhai huanza mimba itungwapo, na kutoa mimba hakuruhusiwi ila mtaalamu wa afya aonapo haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo khatarini, au sheria nyengine ikiruhusu. Hilo neno "afya" ndilo lenye kugombaniwa, nami naona lisichukuliwe ila kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Lakini kwenye uhai, Katiba na Sharia zimekutana.

Mwanamke yule alipona, Alhamdulillahi, kwa kuwa mamaake hakuningoja. Alimpakia garini usiku ule ule. Baadaye mume alinijia kuuliza kama ana kafara ya kutoa. Nikamwambia hana, nikamwomba radhi.