Mizabibu Mitatu ya Saillon

Katika inchi ya Uswisi, jimbo la Valais, kuna mji mdogo uitwao Saillon. Umejengwa juu ya mwamba. Kuta zake za kale zingali zimesimama, pamoja na mnara wa karne ya 13. Bondeni mto Rhône wapita, na kando kando ni mizabibu, imepandwa juu ya matuta yenye kuta za mawe ili udongo usiteremke. Mvua ni kidogo na jua ni kali, kwa hiyo zabibu zaiva vizuri katikati ya milima yenye teluji. Si ajabu wageni wakipapenda.

Lakini wengi waja kuona shamba la mizabibu mitatu tu. Hapo ndipo tuna neno la kuuliza.

Shamba lile ni ukumbusho wa Joseph-Samuel Farinet, aliyekufa karibu na hapo mwaka 1880. Kazi yake ilikuwa kutengeneza feza ya uongo, sarafu za santimi 20. Polisi walimwinda, watu walimficha, wakamlisha, maana mkono wake haukuwa mgumu kwa maskini. Tena banki ya jimbo ilikuwa imeanguka miaka ya 1870-1871. Aliyepoteza akiba yake aliweza kuuliza: Mwizi ni nani?

Swali hilo si la kuchekesha. Sisi nasi twajua feza inayolala na bei, ikaamka bila bei. Hata hivyo, tumfikiri mama mmoja aliyepewa sarafu ya Farinet kwa mayai yake, kisha mwuza chumvi akaikataa. Mayai yamekwisha kwenda. Basi zawadi ya Farinet ilitoka katika kikapu cha huyo mama, naye hakuulizwa.

Abbé Pierre, padri Mfaransa aliyeanzisha Emmaüs, alikuwa mwenye shamba hilo. Mwaka 1999 alimpa Dalai Lama. Divai yake huchanganywa na nyingine, na faida yasaidia wenye shida. Ni vema. Lakini mwaka 2024 Emmaüs yenyewe ilitangaza mashitaka ya wanawake waliosema kwamba padri huyo, aliyekufa mwaka 2007, aliwatendea mabaya. Wakubwa wengine walikuwa wamejua tangu zamani, wakanyamaza. Watu walipohesabu mema yake, nani aliwahesabu wanawake wale?