JUMATANO: Baada ya Mche Kupandwa

Soma Mwanzo 2:15. Mungu alimpa Adamu kazi gani? Je, kazi hiyo ilitolewa kabla au baada ya dhambi kuingia ulimwenguni?

Kutunza ardhi si sehemu ya laana. Adamu alikabidhiwa bustani kabla ya anguko. Fungu hili lina vitenzi viwili vya Kiebrania. Cha kwanza, abad, maana yake ni kulima na pia kutumika. Cha pili, shamar, maana yake ni kulinda na kutunza. Kitenzi hicho cha pili ndicho kinachotumika katika Kumbukumbu la Torati 5:12, Israeli wanapoagizwa kuishika Sabato. Mungu aliyemkabidhi mwanadamu siku takatifu alimkabidhi na bustani pia.

Soma Luka 13:6-9. Mtunza shamba aliomba nini kwa ajili ya mtini, naye aliahidi kufanya nini?

Mfano huu wahusu kwanza toba na uvumilivu wa Mungu. Hata hivyo, Yesu aliuchukua kutoka katika kazi ambayo wasikilizaji wake waliifahamu. Mtunza shamba hakuomba mwaka mwingine ili akae tu akingoja. Aliahidi kupalilia mti uleule na kuutilia samadi.

Somo hilo lilionekana nchini Kenya. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wenzake walipanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mingi ya miche hiyo haikudumu. Lakini kazi iliyoanzia hapo ilikua ikawa Green Belt Movement, na wanawake wa vijijini wakaanzisha vitalu na kupanda miti kwa mamilioni. Walipewa malipo madogo, si kwa kila mche uliopandwa, bali kwa kila mche uliopona. Mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Siku ya kupanda huwa na watu wengi. Wiki chache baadaye mvua hukatika, mbuzi hupita, na mche hubaki peke yake. Hapo ndipo shamar huanza.

Tuseme kikundi cha mazingira cha kijiji hupanda miti kandokando ya mto kila Jumamosi asubuhi, nacho kinamwalika Mwadventista ajiunge. Anaweza kukataa, na majirani wakahitimu kwamba dini yake haijali mto ambao wote wanachota maji. Anaweza kukubali, na kuiacha Sabato ya Bwana. Lakini iko njia ya tatu. Anaweza kuwaeleza wanakikundi kwa upole sababu ya kutofika siku hiyo, kisha akaomba apewe kazi ya kumwagilia na kuzungushia miche miiba Jumapili na Jumatano. Kazi hiyo haina picha wala makofi, na kwa kawaida haina mtu wa kuifanya. Miche ikipona wakati wa kiangazi, kikundi kitajua kwamba anayeishika Sabato ni mtu wa kutegemewa siku nyingine sita.

Soma Yeremia 32:6-15. Kwa nini nabii alinunua shamba wakati mji ulipokuwa umezingirwa?

Wengine huuliza: ikiwa Yesu yu karibu kuja na dunia itafanywa upya, kuna haja gani ya kupanda miti? Yeremia alijua kwamba Yerusalemu ungeanguka. Yeye mwenyewe ndiye aliyetabiri. Hata hivyo, kwa agizo la Mungu alilipa shekeli 17 za fedha kwa shamba la Anathothi, na hati ikahifadhiwa katika chombo cha udongo. Kununua huko kulikuwa tendo la imani katika ahadi ya Mungu. Vivyo hivyo, wakili anayengoja marejeo ya Bwana wake haachi mali ya Bwana iharibike. Ufunuo 11:18 huonya kwamba Mungu atawahukumu wanaoiharibu dunia.

Tafakari:
1. Ni kazi gani ya kutunza mazingira katika eneo lako iliyoanzwa kwa shangwe na kuachwa njiani? Darasa lako linaweza kuifanya nini juma hili?
2. Utamwelezaje jirani kuhusu Sabato bila kumfanya aone kwamba unaikimbia kazi?
3. Ni nafsi gani iliyopandwa kanisani kwa ubatizo ambayo sasa inahitaji kupaliliwa na kumwagiliwa?