Moshi wa Mara ya Pili

Kwenye ukuta wa karakana yangu hapa Moshi kuna msumari mmoja ambao situndiki spana. Una kipande cha konrodi ya alumini, kimekatika shingoni, na pale kilipokuwa kinaikumbatia krenki pameungua pakawa peusi kama mkaa. Mtu akiniletea mashine ya kukata nyasi inayotoa moshi baada ya kuoshwa kabureta, mimi humpa kwanza kipande hicho akishike.

Kilitoka kwenye mashine ya shule moja ya sekondari huko juu Machame. Aliyekuwa anaitunza ni mwalimu wa kilimo, mtu makini, asiyependa mali ya shule ifie mikononi mwake. Nalisema hili mapema kwa sababu injini ikishakufa, watu hukimbilia kusema aliyeitumia alikuwa mzembe. Mwalimu hakuwa mzembe. Alifuata jibu alilopewa na fundi, na fundi mwenyewe ni mimi.

Ilikuwa Januari, shule ndiyo zimefunguliwa. Mashine ililala stoo tangu Desemba ikiwa na petroli tangini. Petroli ikilala hivyo huharibika na kuacha utando wa kahawia ndani ya kabureta, unaonata kama gundi, na tundu la jeti, dogo kiasi kwamba uzi mmoja wa waya wa umeme ndio unaopita, huziba. Mwalimu alizibua jeti. Kisha akailaza mashine ubavu akwangue nyasi zilizogandamana chini ya bodi, karibu na kisu. Alikuwa amechomoa waya wa plagi kabla ya kusogeza mkono kwenye kisu, na hapo alifanya jambo ambalo mafundi wengi wazoefu hulisahau. Alipoirudisha wima na kuvuta kamba, injini ikawaka na moshi mzito wenye rangi ya bluu ukatanda uwanjani. Akanipigia.

"Fundi, nimeiua mashine ya shule. Inafuka kama tanuri la matofali."

"Pole, Mwalimu. Ulipoilaza, kabureta ilikuwa upande gani?"

Akanyamaza kidogo. "Ilikuwa chini."

"Basi hujaiua. Iwashe, iache iungurume. Moshi utaisha wenyewe."

Ukaisha, kama dakika kumi hivi. Jibu langu lilikuwa sahihi. Injini hizi zina njia ya kupumulia inayotoka kwenye sehemu ya oili kwenda upande wa kabureta. Ukiilaza mashine kabureta ikatazama chini, oili hupita humo ikaingia kwenye chujio la hewa na kwenye silinda, nyingine ikafika hadi kwenye eksozi. Injini ikipata moto inaiunguza yote, na ikishakwisha, moshi umekwisha. Ndiyo maana mashine hulazwa kabureta ikiwa juu, na tangi likiwa na petroli kidogo.

Haya yote sikumweleza. Siku ile nilikuwa na pampu ya maji mezani na mteja amesimama mlangoni, nikaona mwalimu amepata alichokitaka. Alichobaki nacho kichwani ni maneno matatu tu: moshi utaisha wenyewe.

Aprili mvua za masika zikashika. Nani asiyejua nyasi za Machame wakati wa masika? Unakata Jumatatu, Ijumaa zimefika kwenye vifundo vya miguu. Mahafali ya kidato cha sita yalikuwa Jumamosi. Mashine ikaanza kupanda na kushuka, inanguruma kisha inataka kuzima, na mwalimu akajua ni kabureta tena. Mara hii akaamua kuisafisha hasa. Alhamisi jioni akafungua bakuli kwa spana namba 10, akachomoa boya na sindano yake, akaosha kila kitu kwa petroli safi, akafuta kwa kitambaa cha shati kuukuu. Akafunga. Mashine ikalala stoo.

Ijumaa asubuhi kamba ikawa ngumu kuvuta, halafu injini ikawaka na moshi ukajaa. Mwalimu hakunipigia. Angenipigia kwa nini, na jibu alikuwa nalo? Akaiacha iungurume. Dakika kumi zikapita moshi upo, akasema labda mara hii oili iliyoingia ni nyingi zaidi, akaanza kukata uwanja wa mpira. Aliniambia baadaye kwamba alisikia harufu ya petroli mbichi, akadhani ni ile iliyomwagikia mikono yake jana yake. Alipokaribia goli la pili injini ikagonga mara tatu, ikatoa kishindo na kusimama. Pembeni mwa bloku palikuwa na tundu la kupita kidole gumba.

Ililetwa kwangu kwa bajaji, imefunikwa gunia kama maiti. Nilichomoa stiki ya oili. Oili iliyosalia ilitiririka kwenye stiki kama chai ya rangi, na harufu ilinifanya nisogeze jiko la mkaa la jirani yangu kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Kisha nikafungua kabureta, nikatoa sindano, nikaitazama kwa tochi. Kwenye ncha yake, pale inapokaa kuziba petroli, palikuwa na unyuzi mmoja wa pamba. Ulikuwa mfupi kuliko ukope. Rangi yake ilikuwa ya bluu, sawasawa na lile shati.

Kazi ya sindano ni hii. Petroli ikijaa kwenye bakuli, boya hupanda, boya husukuma sindano, sindano hufunga mlango. Unyuzi ule uliuacha mlango wazi kwa upenyo usioonekana. Tangi la mashine hii liko juu ya kabureta, na koki ya petroli haikufungwa, kwa hiyo usiku kucha petroli ilishuka tone kwa tone: ikajaza bakuli, ikafurika kwenye koo la kabureta, ikapita kwenye vali iliyokuwa wazi hadi silinda, ikapenya kwenye ringi na kushuka kwenye oili. Injini kama ile hubeba oili nusu lita na kidogo. Glasi moja ya petroli ikiingia humo, huna tena oili, una maji ya kuoshea vyuma. Na konrodi za injini hizi ndogo nyingi hazina beringi za kubadilisha. Alumini yenyewe inazunguka juu ya chuma cha krenki, na kinachozitenganisha ni utando mwembamba wa oili. Utando ukikatika, alumini hushika chuma. Sekunde chache zinatosha.

Kabla ya kuja kwangu, mtu mmoja alikuwa amemwambia mwalimu kwamba dalili zote ni za ringi kwisha. Neno hili limewalia watu pesa nyingi. Ringi huisha kweli, na injini hufuka bluu kwa sababu hiyo, lakini huisha taratibu, kwa miezi na miaka. Haziwezi kuwa nzima Alhamisi mchana na kufa Alhamisi usiku, tena siku ileile kabureta ilipofunguliwa. Injini ikianza kufuka baada ya mkono wako kupita, anza pale mkono wako ulipopita.

Na kuanza kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, mashine iko wima mahali tambarare, chomoa stiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Oili ikiwa imezidi alama ya juu na hukuongeza wewe, imeongezwa na petroli. Inuse. Idondoshee kwenye karatasi ya gazeti uone kama pembeni ya doa patatanuka pete nyepesi ya majimaji. Usiijaribu kwa kiberiti, hata ukimwona fundi mwenye mvi akifanya hivyo. Ikinuka petroli, usiwashe tena, hata kwa kuihamisha tu. Funga koki, mwaga oili yote, rudi kwenye sindano. Ukitaka kuhakikisha sindano inaziba, toa kabureta, igeuze juu chini ili uzito wa boya uibane sindano, chomeka mpira safi kwenye njia ya petroli, puliza. Pumzi ikipita, petroli nayo itapita. Moshi ukiwa mweusi, hiyo ni habari nyingine kabisa: petroli inaingia nyingi kuliko hewa inavyoweza kuiunguza, na mara nyingi utakuta choki haikufunguka au chujio la hewa limeloa.

Vitambaa nimeviacha. Sehemu za kabureta nazikausha kwa upepo wa kompresa, na aliye nyumbani bila kompresa aziache zikauke zenyewe kwenye sahani safi.

Mahafali yalifanyika nusu ya uwanja ikiwa imekatwa kwa mashine na nusu kwa mafyekeo ya wanafunzi. Injini haikufaa kutengenezwa. Mwalimu hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Shule ilipopata mashine nyingine nilipanda Machame siku ya kuiwasha, nikamwomba yeye ndiye achomoe stiki, nikamweleza yote niliyopaswa kumweleza Januari ile kwenye simu.

Mwaka uliofuata, mwezi huohuo wa masika, simu yangu iliita kabla ya saa moja asubuhi.

"Fundi, jana nilifungua kabureta. Stiki imepanda, na inanuka."

"Umewasha?"

"Sijagusa kamba."

Nilichukua chupa ya oili mpya na spana namba 10, nikatoka kwenda kutafuta gari la Machame.